ZIJUE BAA ZA WANENGUAJI ZA MUMBAI: serikali ilifunga, mahakama ikafungua, kina dada wakabaki nje

Wadau, kila polisi wanapofanya msako kwenye kumbi za starehe hapa kwetu, ubishi unakuwa ule ule. Mmoja anasema safi sana, zoa wote hao, wanatuharibia jamii. Mwingine anasema jamani waacheni watu watafute riziki, kwani wamemwibia nani? Difenda linaondoka limejaa kina dada, magazeti yanapiga picha, wiki inapita, baa ile ile inafunguliwa na muziki unarudi kama kawa. Nani alishtakiwa, kesi iliishaje, waliokamatwa wako wapi... hayo mara nyingi hakuna anayefuatilia.

Iko sehemu ambako yalifuatiliwa mpaka mwisho. Ni jiji la Mumbai, India, lile ambalo zamani liliitwa Bombay na ambalo kila aliyekulia kwenye filamu za Kihindi analijua hata kama hajawahi kupanda ndege. Mwaka 2005 serikali ya jimbo la Maharashtra, ambalo Mumbai ndiyo makao yake makuu, ilipiga marufuku baa zenye wanawake wanaocheza muziki mbele ya wateja. Kesi zake ziliunguruma mpaka 2019. Hukumu zipo, utafiti upo, majina ya wahusika yapo. Nimeona nikusanye mambo mahali pamoja ili siku ukibishana kijiweni uwe na data.

BAA ZENYEWE ZILIKUWAJE?

Kama umefungua ukurasa huu ukitegemea habari za kuvua nguo, pole sana, hakuna. Mnenguaji wa baa za Mumbai alikuwa anavaa sari au lehenga inayoburuza chini, kajifunika kuliko wanenguaji wengi wa bendi zetu za dansi. Anacheza nyimbo za filamu, zile zile ambazo familia nzima inaangalia sebuleni. Wateja, wote wanaume, wamekaa kwenye makochi ukutani wanakunywa, na anayependezwa anasogea na kumwaga noti.

Hapo kwenye kumwaga noti Mswahili haelezwi mara mbili. Kwenye taarab tunaita kutunza: mama anainuka kwenye kiti, anakwenda mbele kwa mwendo wa maringo, anampachika mwimbaji noti. Mumbai noti zilikuwa zinamwagwa juu ya kichwa cha mcheza kama mvua, na kijana maalumu anazikusanya sakafuni na kuziweka kwenye fungu la dada husika. Kumgusa mcheza hairuhusiwi, mabaunsa wapo. Usiku ukiisha mafungu yanahesabiwa na kugawanywa kati ya dada na mwenye baa. Wengi hawakuwa na mshahara kabisa, walikuwa wanaishi kwa hizo tuzo tu.

Waliotazama filamu ya Chandni Bar ya mwaka 2001, ya mwongozaji Madhur Bhandarkar, ambayo Tabu amecheza kama mnenguaji wa baa, wameshaiona sura ya maisha hayo.

Baa hizi zilianza kushamiri miaka ya 1980. Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui: hazikuwa biashara za kificho. Zilikuwa na leseni. Kulikuwa na kanuni za mwaka 1960 za kusimamia sehemu za burudani, na kwa kutumia kanuni hizo mamlaka zilikuwa zinatoa kibali cha kuuza pombe na kibali cha maonyesho ya jukwaani, na zinapokea ada. Serikali yenyewe ndiyo iliyoiambia mahakama kwamba baa zenye leseni ya namna hiyo zilikuwa 345 jimboni, na zisizo na leseni zilikuwa nyingi zaidi ya hapo. Idadi ya wanenguaji iliyokuwa inatajwa kila mahali, mpaka ikaingia kwenye hukumu, ni wanawake 75,000. Uwanja wa Taifa wa Dar es Salaam, huu mkubwa, unabeba watu 60,000. Fanya hesabu mwenyewe.

Walitoka wapi? Wengi walitoka kwenye koo ambazo kwa vizazi na vizazi wanawake wake walikuwa wachezaji na waimbaji kwenye majumba ya wakubwa, huko kaskazini mwa India. Wafalme walipokwisha, na wenye ardhi waliokuwa wanawalipa wakaishiwa, sanaa ile ikahamia mjini, ikaingia baa. Wengine walikuwa wake walioachwa na watoto, na wengine mabinti wa familia zilizoyumba baada ya viwanda vya nguo vya Mumbai kuanza kufa, hasa baada ya mgomo mkubwa wa mwaka 1982. Chuo Kikuu cha Wanawake cha SNDT, kwa kushirikiana na vikundi vya kutetea wanawake, kiliwahoji wanenguaji 500 mwaka 2005. Picha iliyopatikana ni ya wanawake ambao sehemu kubwa ndio walikuwa wanalisha familia nzima: wazazi, wadogo, watoto. Shule ni kidogo au hakuna. Na tofauti na ilivyokuwa inasemwa bungeni, watafiti hawakuona kwamba wanawake hawa walikuwa wametekwa na kuletwa kwa nguvu.

MARUFUKU ILIANZIA WAPI?

Ilianzia kwa malalamiko ya wananchi, na malalamiko yenyewe si ya kubeza.

Nje kidogo ya Mumbai, upande wa Panvel na wilaya ya Raigad, serikali ilitwaa mashamba mengi kwa ajili ya mji mpya wa Navi Mumbai. Vijana ambao baba zao walilima mpunga wakajikuta wana hela ya fidia mkononi na hawana shamba. Barabarani zikaota baa. Kina mama wakaanza kulalamika: mume haonekani usiku, hela ya ardhi inamwagwa kichwani kwa mwanamke wa watu, watoto hawana ada. Mbunge wa huko akalipeleka suala kwenye bunge la jimbo Machi 2005.

Waziri wa Mambo ya Ndani wa jimbo alikuwa R. R. Patil, ambaye pia alikuwa Naibu Waziri Kiongozi. Huyu bwana hakuwa mwanasiasa wa mchezo. Alitoka familia ya kawaida ya kijijini, alikuwa na jina la mtu safi, na kina mama wa vijijini walimpenda. Mwisho wa Machi 2005 alitangaza kwamba baa za wanenguaji zilizo nje ya Mumbai zitafungwa. Siku chache baadaye, Aprili, akasema na Mumbai nayo imo. Gavana alikataa kutia sahihi amri ya haraka, akataka jambo lipite bungeni. Likapita tarehe 21 Julai 2005, na hakuna mbunge hata mmoja aliyepinga. Katikati ya Agosti, usiku wa kuamkia sikukuu ya uhuru wa India, taa za baa zikazimwa.

Sheria iliyotumika ni ile ya polisi ya Bombay, ikaongezewa vifungu viwili. Kifungu cha 33A kilisema ni marufuku kucheza dansi ya aina YOYOTE ndani ya mgahawa au baa ya bia, na adhabu inaweza kufika miaka 3 jela na faini ya rupia 200,000. Halafu kikaja kifungu cha 33B. Hiki kilisema kifungu kilichotangulia hakihusu hoteli za nyota tatu na kuendelea, wala klabu ambazo lazima uwe mwanachama ndipo uingie, wala kumbi za maigizo.

Soma tena hapo. Ukiwa na uwezo wa kukaa hoteli ya nyota tatu, dansi ni utalii. Ukinywa bia yako uswahilini, dansi ile ile, wimbo ule ule, pengine na dada yule yule, ni kuporomoka kwa maadili. Kifungu hiki ndicho kilichokuja kuimaliza serikali mahakamani.

JAMII ILISEMAJE?

Iligawanyika, na haikugawanyika pale ambapo ungetegemea.

Wanasiasa walikuwa upande mmoja wote, wa chama tawala na wa upinzani. Hilo ni rahisi kulielewa, hakuna mbunge anayetaka jina lake liandikwe kwamba alisimama kutetea baa. Lakini wanaharakati wa haki za wanawake waligongana wenyewe kwa wenyewe. Wapo waliosema baa zinamfanya mwanamke bidhaa, zifungwe. Wapo waliosema ninyi mnaongea kwa niaba ya watu ambao hamjawauliza. Mwanasheria Flavia Agnes, ambaye kwa miaka mingi alikuwa anatetea wanawake waliopigwa na waume zao, aliingia kwenye kesi upande wa wanenguaji. Varsha Kale akaongoza chama cha wafanyakazi cha wanenguaji wenyewe, na wenye baa nao wakawa na vyama vyao. Wenye baa na wanenguaji walisimama pamoja mahakamani, ingawa usiku wa kugawana tuzo maslahi yao hayakuwa mamoja hata kidogo.

Hata kabla ya marufuku, Agosti 2004, wanenguaji kwa maelfu walikusanyika uwanja wa Azad Maidan katikati ya Mumbai kulalamikia misako ya polisi. Walikuja wamefunika nyuso kwa mitandio. Waandishi wa habari walitania sana ile mitandio, eti usiku wanaonyesha na mchana wanaficha. Lakini fikiria, mtu umepanga nyumba mtaa wa watu wa heshima, mtoto yuko shule, mwenye nyumba na mwalimu wanajua unafanya kazi nyingine. Picha moja gazetini inakuhamisha mtaa. Kwa hiyo mwanamke anakwenda kudai haki ya kufanya kazi yake hadharani, wakati hawezi kukubali hadharani kwamba anaifanya.

Malalamiko yao makubwa kule Azad Maidan hayakuwa hata sheria. Ilikuwa namna msako unavyofanyika. Mumbai kuna neno "hafta", maana yake wiki, na kila mfanyabiashara anajua ni nini: ni fungu linalokwenda kwa wakubwa kila wiki ili usisumbuliwe. Likichelewa, msako. Kwenye msako wanaopandishwa gari ni waliokutwa ukumbini, yaani wanenguaji, wahudumu na wateja wachache. Mwenye baa mara nyingi yuko nyumbani amelala. Kwa taratibu za India kumkamata mwanamke usiku kuna masharti yake maalumu, lakini aliyeko ukumbini saa 7 usiku, na taa zimewashwa ghafla, hana wa kumsomea masharti.

Vyombo vya habari navyo vilikuwa na kazi yake. Yalitafutwa majina ya wanenguaji wachache waliotajirika, wenye majumba na magari, ikaonekana kama wote ni mamilionea. Kuna tapeli mmoja maarufu aliyefungwa kwa kughushi stempu za serikali ambaye ilisimuliwa kwamba alimwaga mamilioni ya rupia kwa dada mmoja usiku mmoja. Hadithi ya namna hiyo ikishaingia mtaani haitoki. Aliyekuwa anarudi nyumbani na nauli na hela ya maziwa hakuandikwa na mtu.

Na kuna hili la utamaduni. Maharashtra ina ngoma yake ya asili inaitwa lavani, ya wanawake, ya mahadhi ya mapenzi, na mashairi yake yana mafumbo ambayo ukiyafumbua mbele ya mkweo utaona aibu. Inachezwa kwenye tamasha na watazamaji wanapiga miluzi. Sheria haikuigusa, kwa sababu hiyo ni urithi. Ni sawa na mtu wa kwetu aseme mduara ukichezwa harusini ni utamaduni, ukichezwa baa ni uhuni. Wengi wa wanenguaji wa baa walitoka majimbo mengine, hawakuwa Wamaharashtra. Mimi naona hapo ndipo palipokuwa na jibu kwa kiasi kikubwa, kwamba mwiko unakuwa mzito zaidi pale mchezaji anapokuwa mgeni.

MAHAKAMANI

Wenye baa na wanenguaji walikwenda Mahakama Kuu ya Bombay. Mahakama hii sisi si wageni nayo, maana kuna wakati rufaa kutoka mahakama ya Waingereza Zanzibar zilikuwa zinavuka bahari kwenda kusikilizwa hapo hapo. Na sheria ya jinai ya India ya mwaka 1860, yenye vifungu vya "matendo machafu hadharani", ndiyo iliyotumika Tanganyika na Kenya mpaka zilipopata sheria zake za adhabu mwaka 1930. Ukiona maneno ya mashitaka yanafanana, si bahati mbaya.

Tarehe 12 Aprili 2006 majaji F. I. Rebello na Roshan Dalvi waliifuta marufuku. Hoja zao, kwa lugha ya kijiweni, zilikuwa mbili. Kwanza, katiba ya India inampa raia haki ya kufanya kazi aliyoichagua, na serikali ikitaka kuizuia lazima ionyeshe sababu inayotosha. Serikali ilisema inalinda heshima ya wanawake, lakini mwanamke yule yule aliruhusiwa kuhudumia pombe kwenye baa ile ile, ila asicheze. Pili, watu wote wako sawa mbele ya sheria, na haiwezekani dansi moja iwe halali kwa tajiri na haramu kwa mwingine.

Watu walisherehekea. Lakini baa hazikufunguliwa! Mahakama Kuu ilitoa muda ili serikali ikate rufaa, serikali ikakata, Mahakama ya Juu ikasimamisha utekelezaji wa hukumu mpaka rufaa isikilizwe. Rufaa ikachukua miaka 7. Yaani kina dada walishinda kesi 2006 na wakakaa nje mpaka 2013. Aliyekuwa na umri wa miaka 25 siku ya kufungwa alikuwa na 33 siku ya hukumu, na kwenye kazi ile huo ni muda wote wa kazi.

Tarehe 16 Julai 2013 Jaji Mkuu Altamas Kabir na Jaji S. S. Nijjar wakakubaliana na Mahakama Kuu. Walisema hakuna ushahidi kwamba wenye fedha wana maadili bora kuliko wengine, kwamba wanawake wengi waliopoteza kazi wamelazimika kuingia kwenye umalaya ili walishe familia, na kwamba dawa imekuwa mbaya kuliko ugonjwa. Kama serikali ina wasiwasi na usalama wa wanawake, majaji walisema, iboreshe mazingira ya kazi zao.

Serikali ilifanya nini? Juni 2014 ikarudi bungeni. Mahakama inasema mmebagua? Haya, sasa tunafunga hata hoteli kubwa na klabu. Muswada ukapita kwa sauti moja, bila mjadala. Oktoba 2015 Mahakama ya Juu ikausimamisha. R. R. Patil mwenyewe hakuona hayo, alifariki Februari 2015.

Aprili 2016 ikaja sheria ya tatu, na hii ilikuwa ya kijanja kuliko zote. Haikusema ni marufuku. Ilisema ruksa, ila kwa masharti: baa iwe umbali wa kilomita moja kutoka shule na nyumba za ibada, kamera za usalama ziwekwe ndani, pombe isiuzwe chumba chenye dansi, wafanyakazi wasiwe na doa lolote polisi, mwisho saa 5:30 usiku, na noti zisimwagwe. Sasa wewe tafuta sehemu ndani ya Mumbai, jiji la watu zaidi ya milioni 12, ambayo ndani ya kilomita moja hakuna shule, hekalu, msikiti wala kanisa. Labda baharini. Leseni zikawa za kuhesabika. Mwaka huo huo, serikali ikijitetea, Jaji Dipak Misra aliwaambia mawakili wake kwamba ni afadhali mwanamke acheze apate riziki kuliko kuombaomba barabarani.

Tarehe 17 Januari 2019 majaji A. K. Sikri na Ashok Bhushan wakaipitia sheria hiyo sharti kwa sharti. Kilomita moja, wakafuta. Kamera za ndani, wakafuta, kwa sababu zinaingilia faragha ya watu. Ukuta kati ya pombe na dansi, wakafuta. Muda wa saa 12 jioni mpaka saa 5:30 usiku wakauacha. Tuzo zikaruhusiwa, lakini mkononi. Kumwaga noti kukabaki marufuku. Waliseme watakavyo wenye baa, hapo mahakama ilikuwa na hoja: noti ikishika njia ya hewani haijulikani tena imetolewa kwa nani.

Serikali ilishindwa mara zote, 2006, 2013, 2015 na 2019. Na kwa miaka 14 hiyo hiyo baa nyingi hazikurudi kuwa zile za zamani. Kumbe kesi unaweza kuipoteza ukumbini na ukaishinda kwa kalenda.

MTAANI SASA

Wenye baa wengi walibadilisha leseni. Kulikuwa na leseni ya "okestra", yaani muziki wa jukwaani wenye waimbaji. Kwa hiyo dada anasimama na kipaza sauti, amevaa kama zamani, anatikisika kidogo, anayeimba kweli ni mwenzake. Dansi haipo, kuna "waimbaji". Polisi wakija na kukuta mtu anacheza badala ya kuimba, kesi. Kazi ya kupima kama kiuno kimecheza au kimesimama ikawa ya askari, na hafta kama kawaida ikapanda bei, kwa sababu sasa kila baa ilikuwa na kitu cha kuficha.

Mwaka 2012 misako ilifikia kilele. Ofisa Vasant Dhoble wa kitengo cha polisi cha huduma za jamii alipigwa picha nyingi akiingia kwenye baa na migahawa akiwa na fimbo ya hoki. Safari hii waliokumbwa si wanenguaji peke yao. Walikamatwa na vijana wa maofisi waliokwenda kula na kunywa, na wanawake wateja wakatajwa kama makahaba. Ndipo watu wa tabaka la kati wakaandamana na kuandika kwenye intaneti kwamba uhuru unaingiliwa. Wakati huo huo vikundi vya wakazi, waliochoshwa na kelele za muziki usiku kucha chini ya madirisha yao, vikamtetea, vikasema angalau yeye anafanya kazi. Wote wawili walikuwa na haki ya kulalamika. Ila sikuona wengi wakikumbuka kwamba wanenguaji walilalamikia jambo hilo hilo Azad Maidan miaka 8 kabla.

Wanenguaji waliobaki bila kazi walitawanyika. Wengine walirudi kwao. Wengine waliingia kwenye umalaya, kama mahakama ilivyosema. Wengine walifuata kazi Ghuba, Dubai hasa, ambako kuna kumbi zenye nyimbo za Kihindi na wateja wahamiaji.

Na ukumbi wa aina hiyo uko pia pwani yetu. Nairobi na Mombasa huitwa mujra, jina la dansi ya zamani ya majumba ya wakubwa kule India. Aprili 2019, miezi mitatu tu baada ya ile hukumu ya mwisho ya Delhi, polisi walivamia klabu moja Mombasa na kukuta wanawake 12 kutoka Nepal waliokuwa wanachezeshwa hapo. Ikafunguliwa kesi ya usafirishaji haramu wa binadamu.

Hapa naomba tutulie kidogo, maana mtu anaweza kusema si unaona, serikali ya Maharashtra ilikuwa sahihi. Tofauti ni kubwa. Maswali ya kuuliza kwenye msako wa Mombasa ni pasi ya kusafiria anayo nani, mkataba uko wapi, mshahara unalipwa kwa nani, anaweza kutoka nje akitaka? Hayo ni maswali kuhusu mwajiri, na majibu yake yanampeleka mwajiri mahakamani. Msako wa Mumbai wa 2005 haukuuliza hata moja kati ya hayo. Uliuliza kama mwanamke anacheza, basi. Watafiti wa SNDT waliokaa na wanawake 500 na kuuliza maswali marefu walipata majibu ambayo askari aliyevamia usiku asingeyapata hata kwa mwaka mzima.

Tumalizie na kisa kimoja cha Desemba 2021. Polisi wa Mumbai walipata taarifa kwamba baa moja eneo la Andheri inachezesha wanawake kinyume cha sheria. Wakavamia. Ndani hawakumkuta mwanamke hata mmoja. Wakapekua bafuni, stoo, jikoni, wakawahoji meneja na keshia, wote wakasema hakuna kitu. Wakapekua kwa masaa. Mwishowe wakakitilia shaka kioo kikubwa cha chumba cha kujipodolea, wakajaribu kukisogeza, kikakataa, wakakivunja. Nyuma yake kulikuwa na mlango, na nyuma ya mlango kulikuwa na chumba cha siri chenye kiyoyozi, ambamo walitoka wanawake 17.